Jeevanjee: mtu aliyepewa kiti bila kura

 Najua nimewatupa kidogo, kazi zilinibana. Leo nimerudi na stori ya mtu ambaye wakazi wa Nairobi hulitaja jina lake kila siku wakipanga kukutana mjini, lakini ukiwauliza alikuwa nani, wengi wanakuna kichwa. Ni ndefu kidogo, na najua wengine dakika zenu za saiba zinahesabiwa, kwa hiyo ukiona muda unakwisha hifadhi ukurasa umalizie kesho.

Ilianza hivi. Juzi mchana nilikuwa nimekaa kwenye bustani ya Jeevanjee namsubiri mtu. Mnaoijua sehemu hiyo mnajua mambo yake. Huku mhubiri, kule watu wamelala kwenye majani baada ya kuhangaika kutafuta kazi, na pembeni kundi limesimama duara linabishana siasa mpaka mishipa ya shingo inatoka. Kwa miaka mingi waliokuwa wakibishana hapo wamejiita Bunge la Mwananchi. Hakuna aliyewateua, hawana mshahara wala posho, mwenye neno anasema na asiyekubali anamjibu.

Kijana mmoja aliyekuwa amekaa kando yangu akaniuliza, hivi huyu Jeevanjee alikuwa Mzungu au nani? Nikamwambia Mhindi. Akataka kujua alifanya nini mpaka apewe bustani. Nikamweleza kwamba hakupewa, ni yeye aliyeitoa. Halafu nikaongeza kwamba huyo mzee aliwahi kukaa kwenye bunge la wakoloni bila hata mtu mmoja kumpigia kura. Kijana akacheka, akasema basi alikuwa kibaraka.

Neno hilo nimerudi nalo nyumbani na limenikaa kichwani. Alikuwa kibaraka kweli? Hebu twende polepole.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856. Leo Karachi iko Pakistan, wakati ule ilikuwa India ya Waingereza. Kwao walikuwa Mabohora, Waislamu wa Kishia ambao sisi wa pwani tunawafahamu kwa maduka yao na misikiti yao. Shule hakwenda sana. Alianza kujitafutia riziki akiwa bado kijana, akazunguka India, na mwaka 1886 akavuka bahari hadi Australia, akafanya biashara Adelaide. Yaani kabla hajafika kwetu, mtu huyu alikuwa ameshajua maana ya kuwa mgeni mweusi kidogo kwenye nchi ambayo Wazungu wanajiona wao ndio wenyewe.

Mombasa alifika mwaka 1890. Wakati huo sehemu hizi zilikuwa zinaendeshwa na kampuni, siyo serikali: Imperial British East Africa Company. Jeevanjee akafungua biashara, akawa mtu wa kuipatia kampuni hiyo bidhaa na watu wa kazi. Mwaka 1895 kampuni ikashindwa, serikali ya Uingereza ikachukua nchi yenyewe na kuamua kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Hapo ndipo mlango wa utajiri ulipofunguka.

Reli ile ilijengwa na vibarua kutoka India, karibu 32,000 kati ya 1896 na 1901. Kampuni ya Jeevanjee ilihusika kuwaleta wa kwanza, ikapata kandarasi ya kuwalisha, pamoja na kazi za mawe na udongo. Karibu 2,500 kati ya wale vibarua walikufa, kwa magonjwa, ajali na wengine kwa simba wa Tsavo. Karibu 6,700 walibaki baada ya kazi kwisha. Wengine wote walirudi kwao.

Naomba tuliweke hili wazi mapema ili nisije nikaambiwa nampamba mtu. Utajiri wa Jeevanjee ulitoka kwenye mradi wa wakoloni. Reli ileile ndiyo iliyowabeba askari waliokwenda kupiga watu wa bara, na ndiyo iliyowaleta walowezi waliochukua ardhi. Alikula na mkoloni sahani moja, hilo halina ubishi.

Lakini pia alijenga. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mahali pale palikuwa nyika yenye majimaji. Jeevanjee alikuwa miongoni mwa watu waliopafanya mji: majengo ya mwanzo, ofisi, na soko la manispaa ambalo watu waliliita kwa jina lake. Akawa na meli za kubeba mizigo kati ya India na Mombasa. Na Mombasa, mwaka 1902, akaanzisha gazeti la kila wiki, African Standard. Mwaka 1905 akaliuza kwa Wazungu wawili. Gazeti likabadilishwa jina likawa East African Standard, baadaye likahamia Nairobi. Ndiyo, ni lile lile linaloitwa The Standard leo. Na hapa kuna kichekesho kichungu: baada ya kuliuza, gazeti lake likageuka kuwa sauti ya walowezi, na kwa miaka mingi likawapiga vita Wahindi, watu wa mwanzilishi wake mwenyewe.

Bustani je? Ilifunguliwa mwaka 1906. Alitoa kiwanja na akaweka sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa na mtoto wa Malkia mwenyewe, Mtawala wa Connaught. Usikimbilie kusema alikuwa anajipendekeza tu. Wahindi wa enzi ile walikuwa na hesabu yao. Mwaka 1858 Malkia Victoria alitoa tangazo kwamba raia wake wa India watatendewa sawa na raia wake wengine. Kila Mhindi aliyegombana na serikali alirudi kwenye tangazo hilo. Kwa hiyo kumsimamisha Malkia katikati ya Nairobi ilikuwa pia njia ya kuwakumbusha maofisa wake ahadi waliyokuwa wanaivunja kila siku.

Na kweli walikuwa wanaivunja. Ardhi nzuri ya Nyanda za Juu ilikuwa inatengwa kwa Wazungu peke yao. Kufikia 1908 Wizara ya Makoloni kule London ilikuwa imekubali kwamba Mhindi asipewe ardhi huko, eti kwa sababu za urahisi wa utawala. Mwafrika yeye hakuulizwa hata swali, na ardhi ilikuwa yake. Mjini nako Wahindi walibanwa kwenye bazaa. Ndiyo maana tangu mwaka 1900 Jeevanjee na wenzake, akiwemo tajiri mwingine mkubwa Allidina Visram, walikuwa wameshaunda Chama cha Wahindi Mombasa.

Sasa tuje kwenye kile kiti.

Tarehe 17 Agosti 1907 lilikaa kwa mara ya kwanza Baraza la Kutunga Sheria la nchi hii, ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la Legco. Mwenyekiti alikuwa Gavana mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na makundi mawili. Kundi la kwanza ni wajumbe wa serikali: wakuu wa idara, watu wa mshahara. Hao walipiga kura anavyotaka Gavana, maana ukimpinga bosi unatafuta kazi nyingine. Kundi la pili ni wajumbe wasio wa serikali. Hawa walitoka nje, walowezi na wafanyabiashara, na waliteuliwa. Hakuna mwananchi aliyewachagua.

Tafadhali elewa hesabu yake, maana siri yote iko hapo. Wajumbe wa serikali walikuwa wengi kuliko wasio wa serikali, na hilo halikuwa bahati mbaya, ndivyo lilivyopangwa. Mjumbe wa kuteuliwa aliruhusiwa kuuliza maswali, kutoa hoja, kulalamika mpaka sauti ikauke. Kura ikipigwa, serikali inashinda. Na hata ikitokea miujiza serikali ikashindwa, Gavana alikuwa na uwezo wa kukataa sheria, na London nayo ilikuwa na uwezo wa kuifuta.

Mtauliza, sasa waliwateua wa nini? Nimefikiria sana na naona faida zilikuwa tatu. Moja, serikali ilipata kusikia manung'uniko kabla hayajawa fujo. Mbili, sheria ikipita serikali inaweza kusema wenyeji wa mahali walishirikishwa. Tatu, mtu mwenye kelele ukimpa kiti cha heshima mara nyingi anapoa.

Lakini kiti hicho kilikuwa na kamba mguuni, na aliyeishika kamba ni Gavana. Mfano mzuri hata si wa Mhindi, ni wa Mzungu tena mwenye cheo. Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, alikuwa mjumbe wa kuteuliwa tangu mwanzo. Machi 1908 walowezi waliandamana hadi nyumbani kwa Gavana Hayes Sadler wakipiga kelele kuhusu sera ya vibarua wa Kiafrika, kwamba serikali haiwapatii watu wa kutosha wa kuwafanyia kazi. Delamere alikuwa mbele. Gavana akamsimamisha kwenye Baraza, yeye na mlowezi mwenzake, Baillie. Lord mzima! Baadaye Delamere alirudi, maana walowezi walikuwa na nguvu na marafiki London. Ila somo lilibaki: aliyekupa anaweza kukunyang'anya.

Kwenye baraza la namna hiyo ndimo alimoingizwa Jeevanjee. Wahindi walikuwa wamelalamika kwamba wao ni wengi kuliko Wazungu, biashara ya nchi imo mikononi mwao, na bado hawana hata mtu mmoja ndani. Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu waziri kwenye Wizara ya Makoloni, alipita huku mwaka 1907 na kuyasikia malalamiko hayo. Kufikia 1910 Jeevanjee alikuwa ameketi, mtu wa kwanza asiye Mzungu kwenye Baraza hilo. Mmoja tu. Mhindi mmoja katikati ya maofisa wa serikali na walowezi ambao hawakutaka hata akae nao mtaa mmoja.

Jiweke mahali pake. Una miaka hamsini na kitu, umejenga nusu ya mji unaokaa ndani yake, umelisha watu waliojenga reli. Unaingia kwenye chumba, kila anayekuzunguka anajua kwamba ukipiga kura utashindwa. Ukikaa kimya, serikali itasema Wahindi wameridhika. Ukipiga kelele, watasema Wahindi hawana shukrani. Utafanya nini?

Wengine wangechukua heshima yao, wakavaa suti, wakala chakula cha Gavana. Jeevanjee alifanya jambo ambalo nadhani hawakulitegemea. Alipanda meli akaenda London. Mwaka huohuo wa 1910 alizungumza na gazeti la huko, Daily Chronicle, akamwaga mambo yote hadharani: jinsi Wahindi wanavyobaguliwa kwenye ardhi, jinsi wanavyonyimwa haki mbele ya sheria, na jinsi walowezi wachache wanavyotaka kuigeuza nchi kuwa yao peke yao wakati Wahindi ndio walioifungua kibiashara.

Huo ulikuwa ujanja, wadau. Nairobi hakuwa na kura za kutosha. Lakini Baraza la Nairobi lilikuwa chini ya London, na London iliogopa magazeti, na iliogopa zaidi India kuchafuka. Kwa hiyo aliruka kichwa cha Gavana akaenda kugonga mlango wa juu. Kiti kilimpa cheo cha kujitambulisha nacho, na cheo hicho akakitumia nje ya chumba alichopewa. Miaka miwili baadaye, 1912, akatoa kijitabu kule Bombay cha kutetea Wahindi wa Afrika Mashariki.

Walowezi walichemka. Na muda wake kwenye Baraza ulipokwisha mwaka 1911, hakuteuliwa tena. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo hakuna Mhindi aliyekaa kwenye kiti kile. Hakuna aliyefukuzwa kwa kelele, hakuna kesi, karatasi ya uteuzi haikuja tu. Ndivyo ilivyokuwa rahisi.

Kwa hiyo kibaraka? Mpaka hapo mimi nilikuwa tayari kumjibu yule kijana kwamba hapana. Lakini kuna upande wa pili, na nisipouandika nitakuwa nawadanganya.

Katika mazungumzo yale ya London, Jeevanjee alitoa pia pendekezo kwamba nchi hii iunganishwe na India, itawaliwe kama sehemu ya dola ya India. Soma tena. Siyo nchi ipewe wenyewe. Aliona kwamba Mhindi akitawaliwa kwa sheria za India atapata haki kuliko akiachwa mikononi mwa walowezi, na kwa hesabu za Mhindi wa 1910 inaeleweka. Lakini Mkikuyu, Mkamba, Mmaasai, Mjaluo, Mmijikenda, wako wapi kwenye hesabu hiyo? Hawapo. Wazungu walikuwa wanaigombania nyumba, Wahindi wanaigombania nyumba, na mwenye nyumba amesimama nje mvua inamnyeshea.

Hii ndiyo kasoro ya kiti cha kuteuliwa ambayo ni kubwa kuliko ile ya kura chache. Kila aliyeteuliwa aliteuliwa kwa kabila la rangi yake: huyu wa Wazungu, huyu wa Wahindi, na baadaye yule wa Waarabu wa pwani. Kila mmoja akaomba cha kwake. Hakuna aliyeteuliwa kuomba cha wote. Mkoloni hakuhitaji hata kuwagawa kwa nguvu, mpangilio wa viti wenyewe uliwagawa.

Tuendelee. Machi 1914 Wahindi wa nchi hizi wakaunda umoja wao mkubwa, East African Indian National Congress, na Jeevanjee alikuwa mmoja wa waasisi. Vita vya kwanza vikaja vikaisha. Mwaka 1919 walowezi wakapewa haki ya kuchagua wajumbe wao, viti 11, wakapiga kura mwaka 1920. Hapo ndipo tofauti ikawa kubwa: Mzungu sasa anachagua, wengine wanaendelea kuteuliwa. Wahindi wakadai orodha moja ya wapiga kura, watu wa rangi zote pamoja kwa sifa zilezile. Walowezi wakakasirika kiasi cha kupanga njama ya kumteka Gavana kama London ingekubali. Hiyo siyo sinema, ilipangwa kweli, mwaka 1922 na 1923.

Mwaka 1923 pande zote zikaitwa London. Jeevanjee, sasa mzee wa miaka 67, alikuwa kwenye ujumbe wa Wahindi. Waliporudi walikuwa na karatasi inayojulikana kwa jina la waziri wa makoloni, Devonshire. Karatasi hiyo ilisema kitu kipya: kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika, na maslahi yao ndiyo yatangulie, ya wageni yafuate. Orodha moja ya kura ikakataliwa. Wahindi wakapewa viti 5 vya kuchaguliwa na Wahindi wenzao, Wazungu wakabaki na 11. Nyanda za Juu zikabaki za Wazungu. Wahindi wengi wakagomea mpango huo kwa miaka.

Na Mwafrika, ambaye eti maslahi yake yanatangulia, akapewa nini? Alipewa mjumbe mmoja wa kuteuliwa. Na mjumbe huyo hakuwa Mwafrika. Alikuwa mmishenari, Daktari John Arthur wa misheni ya Kiskoti kule Kikuyu, aliyeanza mwaka 1924. Yaani watu mamilioni, wana mtu mmoja wa kuwasemea, na mtu mwenyewe ni Mzungu aliyechaguliwa na Gavana. Utaratibu wa Wazungu kuwasemea Waafrika ulikwenda miaka 20. Mwafrika wa kwanza kuingia kwenye Baraza la Kenya alikuwa Eliud Mathu, Oktoba 1944. Mwalimu, msomi wa Alliance, Fort Hare na Oxford. Na yeye pia hakuchaguliwa, aliteuliwa.

Tofauti ni kwamba Mathu alipoingia, watu waliunda chama mwezi uleule cha kumsimamia na kumshauri, Kenya African Study Union, kikiongozwa mwanzoni na Harry Thuku. Kikaja kuwa KAU. Yaani walijua kiti cha kuteuliwa hakina mizizi, wakaamua kukipandia mizizi wenyewe. Hata hivyo, mwaka 1957 Waafrika waliporuhusiwa kupiga kura kwa mara ya kwanza, na siyo wote walioruhusiwa, Mathu alishindwa na Bernard Mate. Kuteuliwa na kuchaguliwa ni vitu viwili.

Ndugu zetu wa Tanganyika nao walipita njia hiyohiyo. Baraza lao lilianza mwaka 1926, Waafrika wa kwanza wakateuliwa mwaka 1945, machifu wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Na mwaka 1957 akateuliwa Julius Nyerere. Alikaa miezi michache, akaona serikali inakataa kila anachopendekeza, na Desemba ya mwaka huohuo akajiuzulu. Kwa hiyo ukipewa kiti cha namna hii una njia za kukitumia: unakaa unyamaze, unakwenda kupiga kelele nje kama Jeevanjee, au unakirudisha mbele ya watu wote ili waone kilikuwa kitupu. Nyerere alikuwa na chama nyuma yake, angeweza kukirudisha. Jeevanjee mwaka 1910 alikuwa na nani?

Miaka ya mwisho haikumwendea vizuri. Biashara zilianguka, mali nyingi ikapotea. Alifariki Nairobi tarehe 2 Mei 1936, akiwa na miaka 80, mbali sana na utajiri wa enzi za reli. Hakuona orodha moja ya wapiga kura aliyoipigania. Ilikuja na Uhuru, na ilikuja kwa kazi ya watu ambao katika mazungumzo ya 1910 hakuwakumbuka.

Bustani ikabaki. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kuichukua kujenga maegesho ya magari ya ghorofa na biashara. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama na wananchi wakapiga kelele mpaka mpango ukafa. Yeye ndiye baadaye aliyeandika kitabu cha maisha ya babu yake. Ile sanamu ya Malkia Victoria haikubahatika hivyo: mwaka 2015 watu wasiojulikana waliiangusha na kuikata kichwa.

Nikirudi kwa yule kijana wa bustanini, jibu langu ni hili. Kibaraka hapana, maana kibaraka anafanya anachotaka aliyemweka, na Jeevanjee alifanya kinyume mpaka wakamnyima kiti. Lakini mwakilishi wetu pia hapana, maana hatukumtuma na hakutusemea. Alikuwa mtu aliyepewa mlango wa nusu, akajaribu kuupitisha jamii yake, na hakutazama nyuma kuona nani mwingine amesimama nje.

Naandika haya kwa sababu viti vya kuteuliwa havikwisha na ukoloni. Kenya ina wabunge wa kuteuliwa na vyama, Tanzania kuna nafasi za kuteuliwa na Rais, na hata mtaani kwako utakuta kamati ya maji au ya soko yenye mwakilishi wa vijana ambaye hakuna kijana anayekumbuka kumchagua. Siyo lazima wawe watu wabaya. Lakini kila nikisikia fulani ameteuliwa kutuwakilisha siku hizi najiuliza maswali mawili. Nani anaweza kumwondoa? Na akiingia mle ndani, anawahesabu nani?

Mjadala uko wazi hapo chini. Jeevanjee ungemweka kundi gani? Na kama ungekuwa wewe mwaka 1910, ungekikubali kile kiti au ungekikataa? Karibuni kwenye maoni, matusi hapana, hoja kwa hoja.